Usaha wa sikio si maji ya bahari

Mhariri, mi ni mama wa hapa Lamu. Mwanangu kila jioni alikuwa akiruka baharini pale gatini na wenzake, akaanza kulalamika sikio, bibi yake akapasha mafuta ya nazi akamtilia, kumbe ngoma ya sikio ishatoboka na mafuta yanaingia mpaka ndani. Foronya ikawa inalowa usaha unaonuka na sie tumekaa tu, eti maji ya bahari yatatoka yenyewe! Daktari alipomulika kwa ile taa yao ndo akaliona tundu.

Tundu dogo mara nyingi hujiziba lenyewe kwa wiki kadhaa, mradi sikio lisiingie maji wala mafuta wala vijiti vya pamba (hivyo navyo vinatoboa). Lakini usaha ukipita wiki 2, ama mtoto hasikii ukimwita kwa nyuma, msikimbilie matone ya dukani maana mengine yanaharibu usikivu ngoma ikiwa na tundu, mpelekeni kwa mtaalamu wa masikio, na akipata kizunguzungu kikali au uso ukipinda ni siku hiyo hiyo.

Na walimu jamani, wangu alikuwa anaitwa mkaidi darasani, kumbe hasikii.

Mama wa Lamu