Ukikodi boti Dunga, toka mapema

Mhariri,

Wageni wanaokodi boti kuvua samaki hapa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, hupenda kutoka saa sita, wameshakula wakashiba. Wamechelewa! Asubuhi upepo hutoka nchi kavu. Alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na kwa kuwa ghuba yetu hii ya Winam ina kina kifupi, mawimbi huja yamesongamana, yakipiga boti ubavuni.

Jumamosi, kwa sababu ya mawimbi hayo, nahodha wetu alikataa kuvuka kuelekea Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, kutafuta mbuta (sangara). Shemeji yangu alinuna (yeye ndiye aliyelipia mafuta). Tukajibanza kando ya mafunjo na minyoo yetu, tukapata ngege (sato) watatu. Samaki mwingine, kamongo, alikata mshipi akaenda zake.

Wenye boti waandike saa za kutoka palepale wanapopokelea pesa, na asiyevaa jaketi la kujiokolea abaki ufuoni.

Fundi cherehani,
Nyalenda, Kisumu