Kesi huharibikia kijijini kabla ya kumfikia hakimu

Mhariri,

Kila mshtakiwa wa ubakaji au wizi wa mifugo anapoachiwa huku kwetu, iwe Tabora Mjini, Nzega au Urambo, neno la kwanza barazani ni kwamba hakimu amekula. Rushwa ipo, na anayeijua aifikishe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, akiwa na jina, tarehe na kiasi. Lakini ukikaa na majalada ya rufaa ukayasoma ukurasa kwa ukurasa, utakuta kesi nyingi ziliharibika wiki ya kwanza, mikononi mwa watu wanaoheshimika: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mchungaji, shehe, mjomba wa mtoto. Ni hao ninaowaandikia, kwa heshima na kwa uchungu.

Nianze na shauri la mtoto aliyebakwa, kwa kuwa ndilo linalozimwa kirahisi kuliko yote. Wazee wanakaa kikao, ng'ombe wanatajwa, kiongozi wa dini anaombwa aongoze dua ya msamaha. Baada ya hapo mtoto anapelekwa kwa shangazi yake Mpanda "akapumzike". Askari anakuja na hati ya wito, hamkuti. Shauri linaahirishwa mara ya tatu, mara ya nne, mwisho upande wa mashtaka unafunga ushahidi ukiwa na daktari na mpelelezi tu. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba katika makosa haya ushahidi ulio bora ni wa mwathirika mwenyewe. Karatasi ya daktari inaweza kukosekana na mtu bado akatiwa hatiani. Akikosekana mtoto, mara nyingi hakuna kinachobaki cha kumfunga mtu.

Waheshimiwa wa vikao hivyo wafahamu kwamba ubakaji haumo katika makosa yanayosuluhishwa. Mahakama inaweza kuhimiza mapatano kwenye mambo madogo kama shambulio la kawaida. Kosa ambalo adhabu yake inaanzia miaka 30, na kifungo cha maisha kama mtoto hajafika miaka 10, ni la Jamhuri, na mwenye uwezo wa kuliondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kupokea mali ili kosa kubwa lifichwe nalo ni jinai inayosimama peke yake. Mzazi akitaka kusamehe moyoni mwake, hilo ni lake na Mungu wake. Jalada si lake, na maumivu yale si yake.

Kinachotakiwa siku ile ni hiki. Mtoto asiogeshwe, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Zikiwa mbichi zianikwe kivulini, kisha kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa sababu kwenye nailoni zinavunda na alama zinapotea. Aende kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto kuchukua PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, halafu hospitali. Kituo kikiwa mbali, hospitali itangulie na fomu ifuate, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inazipunguzia nguvu. Mtu wa kwanza aliyeambiwa habari hizo, awe bibi, mwalimu au jirani, akumbuke maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, jina lililotajwa na saa. Mtoto aliyemtaja mtu palepale anaaminika kuliko aliyemtaja baada ya mwezi wa vikao vya ukoo, na wakili wa utetezi atauliza hilo kabla ya jingine lolote.

Halafu kuna umri. Inashangaza jinsi kesi nzito inavyoangushwa na jambo dogo hili. Hati ya mashtaka inasema miaka 13, mama anasema "yuko darasa la tano", hakuna cheti cha kuzaliwa, hakuna kadi ya kliniki, na mwendesha mashtaka hakuuliza. Umri ndio unaolifanya kosa liwe kosa hata kama mshtakiwa anadai walikubaliana, na ndio unaopanga adhabu, kwa hiyo lazima uthibitishwe. Mzazi akisimama kizimbani ataje tarehe, mwezi na mwaka. Na mtoto asiyezidi miaka 14 anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo, na hakimu aiandike ahadi hiyo kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri. Ninawaomba waendesha mashtaka wasikae kabla hawajaiona imeandikwa.

Kwenye wizi na unyang'anyi wa usiku hali ni hiyohiyo. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa mshtakiwa bado unatawala: shahidi aseme alimwona mtu kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga wa nini na mkali kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. "Nilimwona kwa taa" haitoshi. Taa ya sola ya ukutani na kibatari si kitu kimoja. Mali ikipatikana, mwenyewe asionyeshwe mpaka ameandika alama zake: muhuri wa ng'ombe na sikio lililokatwa, namba ya chesisi na ya injini ya pikipiki. Akiitambua baada ya kuoneshwa, amesaidiwa, na mahakama itaona hivyo.

Hapa wenyeviti wa vitongoji mna kazi kubwa kuliko mnavyoambiwa. Askari anapopekua nyumba, ninyi ndio mashahidi huru. Ingieni naye ndani, msingoje uani. Hesabuni vilivyochukuliwa, someni hati ya ukamataji mali, hakikisheni mwenye nyumba ametia sahihi na amepewa nakala, nanyi msaini hapohapo. Hati iliyosainiwa kituoni siku mbili baadaye, au iliyosainiwa tupu ikajazwa mbele ya safari, huvunjika kwa maswali matatu ya dodoso, yale anayoulizwa shahidi na upande wa pili. Mtaitwa kueleza kila mstari, pengine baada ya mwaka mzima.

Sungusungu wamelinda mifugo ya ukanda huu tangu miaka ya 1980, na kuna nyumba zinazolala usingizi kwa sababu yao. Lakini ungamo lililotolewa chini ya viboko halina thamani mahakamani, hata kama kila neno lake ni kweli. Mtuhumiwa akikamatwa apelekwe polisi mara moja. Akiumia mikononi mwenu, mtetezi wake amepata hoja. Akifa, washtakiwa wa mauaji ni ninyi, na kosa hilo halina dhamana.

Wanasiasa nao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48, pale amani inapoelekea kuvunjika na hakuna njia nyingine ya kuilinda. Sababu ziandikwe, na mtu huyo afikishwe kwa hakimu ndani ya muda huo au aachiwe. Uwezo huo haukuwekwa kwa ajili ya kuadhibu watu kwenye mkutano wa hadhara. Kiongozi anaponyoosha kidole jukwaani akasema "mwizi ni huyu", Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayotaka mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike ana hatia, inakanyagwa, na kesi nayo inadhoofika: kuanzia hapo kila shahidi anaweza kuulizwa kama alimtambua mtu usiku wa tukio au mchana wa mkutano. Diwani anayempigia simu mkuu wa kituo "kumsaidia" mpiga kura wake anafanya uharibifu uleule, kimyakimya.

Kuhusu dhamana nitasema kidogo tu. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana hajashinda kesi. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Mengi yaliyobaki yanayo, na masharti husomwa mahakamani mbele ya wote.

Wapo wanaowauliza mawakili waumini wanawezaje kumtetea mtu "ambaye kila mtu anajua alifanya". Swali ni zito na linastahili jibu la kweli. Biblia na Kurani zote zinakataa ushahidi wa uongo, na njia tuliyo nayo ya kuutofautisha na wa kweli ni kuuhoji mbele ya mshtakiwa. Wakili haruhusiwi kuidanganya mahakama wala kumfundisha shahidi uongo. Anaruhusiwa, na analazimika, kuuliza taa ilikuwa wapi. Nimewaona wasio na hatia wakitoka gerezani kwa swali hilo, na siombi radhi kwa kuliuliza.

Viongozi wa dini, msaada wenu unahitajika mahali pengine. Mpeni shahidi nauli ya kutoka Ulyankulu kuja mjini. Kaeni na mama yake kwenye benchi la mahakama asubuhi ile anapotazamwa na ndugu wa mshtakiwa. Mwambieni kwamba kiapo atakachokula kinamtaka aseme aliyoyaona, asiongeze wala kupunguza.

Na hukumu ikitoka msiyoridhika nayo, msimalize siku kwa kulalamika. Kwenye Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji mwenyewe ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Mshtakiwa akiachiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, anayekata rufaa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, naye anatakiwa atoe taarifa ya kusudio ndani ya siku 30. Nendeni Ofisi ya Mashtaka wiki hiyohiyo, na namba ya shauri mkononi.

Wakili wa kujitegemea,
Tabora