Walijua!

Yaya Béatrice,

Jambo yako na ya watoto. Kolwezi mnapata mvua? Huku Lubumbashi imenyesha hadi mifereji ikafurika, na makelele ninayotaka kukusimulia yalianzia hapo.

Maji yanayotoka upande wa kampuni (jina nitakuambia tukionana) yaligeuka rangi, kama chai iliyolala jikoni. Mama Kalenga alimwagilia mboga zake za lengalenga asubuhi bila kutazama. Siku ya tatu majani yalikuwa na madoa meupe ukingoni. Hakuna aliyeuliza kama ni ajali. Avenyu nzima: "Walijua!"

Mwaka jana kampuni hiyohiyo ilituchimbia kisima cha pampu. Nani alisema walikusudia wema? "Wanatafuta sifa tu," tulisema, mimi mwenyewe nikiwa na bidoni ya maji mkononi.

Kijana wangu wa chuo alinicheka sana. Akanisimulia utafiti wa 2003 wa Joshua Knobe, mwanafalsafa wa Marekani. Aliwapa watu bustanini New York kisa cha mkubwa wa kampuni anayeanzisha mradi huku akisema mazingira hayamhusu, yeye anataka faida. Mradi ukaharibu mazingira: asilimia 82 wakasema alikusudia kuharibu. Wengine wakapewa kisa kilekile, ila mradi ukayafaidi mazingira: asilimia 23 tu ndio waliosema alikusudia kuyafaidi. Na mkubwa hajali vilevile! Kumbe si sisi Wakatanga peke yetu.

Lakini lililoniuma ni la Papa Ilunga. Alikuja pale tulipokusanyika, mikono mgongoni, akauliza: "Na ninyi, nani aliwatuma kulima kando ya mfereji?" Yaya, ungeona vichwa vilivyoanza kutikisika. Watu waliokuwa wanapiga kelele wakageuka kumtazama Mama Kalenga, kama vile ni yeye aliyechafua yale maji. Kampuni ikapata pumzi bila kusema neno. Nilisema mbele yao wote: bustani ile ilikuwapo kabla ya ukuta wa kampuni. Papa Ilunga akajifanya anatafuta simu mfukoni.

Kesho tunampelekea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, chupa mbili, moja ya maji ya mfereji, moja ya kisima. Mama Kalenga ameng'oa lengalenga za chini. Za tuta la juu, alizomwagilia maji ya kisima, amenigawia fungu. Nimezipika, na mume wangu amekula bukari yake, ugali mtupu, na chumvi.

Wako,
Nadine