Mheshimiwa Waziri wa Maji, kabla hujasaini huo mtambo wa ozoni

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Mimi ni mtu wa maabara, napima majitaka, yaani kazi yangu ni kukaa karibu na vitu ambavyo wengine wakipita wanaziba pua. Nimesikia wizara inataka kufunga mtambo wa ozoni, ile gesi kali inayotokana na oksijeni, ili kuvunja mabaki ya dawa kwenye maji. Nimefurahi sana, kweli kabisa, ila nina ombi moja kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mtu akimeza kidonge mwili hautumii chote, kingine kinatoka na mkojo, kinaenda kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, na kule tunategemea bakteria wale uchafu. Paracetamol wanaila bila shida. Lakini kabamazepini, ile dawa ya kifafa, inaingia mtamboni na kutoka karibu vilevile, haina habari na mtu. Najua kuna watakaokwambia hizo ni nanogramu tu, yaani sehemu za bilioni za gramu, zinamdhuru nani? Waambie Kanada kuna ziwa la utafiti ambako kuanzia 2001 hadi 2003 walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kama nanogramu 5 au 6 tu kwa lita, na kuna aina ya samaki wadogo ambao madume walianza kuonyesha dalili za kike na nusura samaki hao waishe kabisa ziwani.

Sasa dawa ya dawa ni kuoksidisha, yaani kuivunja kwa kuipora elektroni. Njia mojawapo ya kizamani ni ya mkemia Fenton, ya mwaka 1894: chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi, maji yakiwa na ukali wa asidi, pH kama 3 hivi. Nikiifanya kwenye chupa na maji yenye rangi ya bluu, vipovu vinapanda na ile bluu inafifia unaona kwa macho. Inayofanya kazi ni radikali ya haidroksili, kitu chenye njaa ya elektroni kiasi kwamba kinampora yeyote aliye karibu na hakimalizi hata sekunde moja. Ukirudisha pH juu chuma kinashuka kama tope la rangi ya kutu, na hilo tope nalo ni mzigo, lazima mtu alibebe alipeleke mahali. Ndiyo maana mitambo mikubwa inapenda ozoni, au mionzi ya UV pamoja na peroksaidi.

Shida ya huyu mwenye njaa ni kwamba hachagui. Maji yakiwa na uchafu mwingi wa kawaida au bikaboneti nyingi (chumvi za kawaida majini), radikali zinaishia huko na dawa inapita salama, umeme umelipia bure.

Halafu kuna hili ndilo limenifanya niandike. Siku moja tulitibu maji yenye diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa UV na peroksaidi, mashine ikasoma hakuna kitu, tukapongezana pale kama tumeshinda kombe. Mwenzetu mmoja, mbishi kidogo, akachukua yale maji akaweka vile vidudu vidogo vya majini tunavyotumia kupimia sumu. Kesho yake asubuhi vingi vilikuwa vimelala chini ya glasi. Tulikuja kugundua ni peroksaidi iliyobaki, hatukuiondoa, kosa letu wenyewe. Lakini mashine isingetuambia hata siku moja, kwa sababu mashine inatafuta kile ulichoiambia itafute. Dawa kupotea kwenye karatasi siyo kwamba imeisha, mara nyingi imekatwa vipande tu, na vipande vingine ni vibaya kuliko mama yao: hiyo hiyo paracetamol ikikutana na klorini inaweza kutoa vitu vyenye sumu kuizidi. Na ozoni ikikuta bromaidi, aina ya chumvi, kwenye maji inatengeneza bromati, kitu kinachoshukiwa kuleta saratani, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) wamekiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwenye maji ya kunywa.

Uswisi, ambao sheria yao ilianza kazi 2016 na wanadai mitambo iliyochaguliwa ipunguze asilimia 80 ya vichafuzi hivi, baada ya ozoni wanapitisha maji kwenye kichujio chenye bakteria, mfano cha mchanga, ili vipande vilivyobaki viliwe. Hela walianza kwa kuchangisha hadi faranga 9 kwa kila mtu kwa mwaka. Umoja wa Ulaya wao mwaka 2024 wamepitisha kwamba watengeneza dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hii, na mimi hapo naona wamepatia, anayeuza achangie kusafisha.

Kwa hiyo ombi langu, mheshimiwa, mkataba useme wazi: bromaidi ipimwe kabla hata ya kuagiza mashine, kichujio kiwepo baada ya ozoni na kisiwe kitu cha kuongeza baadaye bajeti ikiruhusu (tunajua hiyo baadaye ilivyo), na maji yanayotoka yajaribiwe kwa viumbe hai, siyo kwa orodha ya dawa 5 alizochagua muuzaji mwenyewe. Mkiniita kwenye kikao nitakuja, na vile vidudu nitakuja navyo kwenye glasi.