Bibi yangu alifundishwa kusoma, kalamu akanyimwa

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Juzi kwenye semina moja nilimsikia mtu anasema eti wanawake wa pwani zamani walikuwa waimbaji tu, mambo ya kuandika hayakuwa yao, na ukumbi mzima ukatikisa kichwa kukubali. Iliniuma sana.

Bibi yangu mzaa mama alikhitimu chuo cha Kurani, msahafu alikuwa anausoma vizuri na hata barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ukimpa alikuwa anakusomea yote, lakini kuandika jina lake mwenyewe alikuwa hajui kwa sababu mwalimu aliwafundisha kuandika wavulana peke yao. Wazee walikuwa wanaogopa kitu kimoja, binti akijua kuandika ataanza kuandikiana barua na wanaume. Basi, ni hilo tu. Sasa huyu bibi alikuwa anatunga nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, na mashairi usiku huku anasuka ukili, asubuhi anamtamkia kaka yake ndio ayaandike, na yalipokuja kusomwa mbele za watu yakawa ya kaka. Hakuna aliyemuuliza.

Na sio yeye tu, hata binti wa sultani yalimkuta. Sayyida Salme, mtoto wa Seyyid Said, kazaliwa 1844 kule Mtoni Unguja, amesimulia mwenyewe kwamba watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kwa hiyo akajifundisha kuandika kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia! Hebu fikiria, nyumba ya kifalme na mtoto anajificha na mfupa. Halafu mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua Sultani Majid, naye ndugu yao, wanaume wale wale wakahitaji mtu wa kuwaandikia barua zao za siri na karani wao akawa Salme, msichana wa miaka 15 hivi. Kumbe ikiwafaa wao mwanamke anaruhusiwa kuandika. Kitabu cha maisha yake kilikuja kuchapishwa Berlin 1886, tena kwa Kijerumani.

Mtu asije akasema hiyo ndiyo ilikuwa dini yetu au mila ya pwani nzima, kwa sababu mwaka 1858, mmoja tu kabla ya barua zile za Salme, Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa kisiwa cha Pate huko Lamu, alimtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa. Shuleni tunausoma kwa ajili ya yale mausia ya kumtii mume, mwalimu anakazania hapo hapo mpaka kengele inalia, lakini mimi kila nikiusoma nasimama pale mwanzo anapomwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi. Mama anamwambia mtoto wa kike alete wino! Nyumba ile kalamu ilikuwepo na haikuleta balaa yoyote, na ndio maana sisi leo tunazo beti zaidi ya mia moja za mama yule, wakati za bibi yangu nimebaki na tatu, tena hizo ni alizoniimbia nikiwa mdogo nikazishika kichwani.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili, ule ukurasa wenu wa mashairi mtenge japo kona moja watu walete tungo za mama na bibi zao ambazo hazijawahi kuandikwa, wakati wazee bado wapo wanaweza kuulizwa, maana mzee akienda anaenda nazo zote. Mimi hizo beti tatu nimeshaziandika kwenye daftari, wiki ijayo nazituma. Jina la juu muweke la bibi, langu muandike chini kwa herufi ndogo kwamba ndiye niliyeziandika.

Msomaji wenu, Mombasa