Kuhusu neno "run" la wanafunzi wako

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Songea. Sisi huku tu wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali na macho yetu. Mama anakusalimia sana na anauliza lini utashuka pwani.

Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Unasema watoto wako wa kidato cha kwanza wanajua kwamba "run" ni kukimbia, basi kila wakilikuta vitabuni injini inakimbia, kamasi zinakimbia, na mwenye duka anakimbia duka lake. Umeniomba orodha ya maana zote uiandike ubaoni. Rehema, nakuomba usiiandike.

Hakuna ubao wa kuitosha. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililokula kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana 430 kama kitenzi. Walipoanza kuihariri upya, "run" likalipita. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho kimoja kwa miezi kama tisa, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba kimefikisha maana 645. Sasa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari Januari na kukuta fizikia na jiografia zote kwa Kiingereza, utamkabidhi maana 645 azifanyie nini?

Mimi ningewaonyesha kwamba maana hizo ni ndugu. Anza na miguu, ya mtu na ya mbuzi, kwa sababu hapo hawana shida. Kisha nenda kwenye maji. Kwa Waingereza mto hu-"run", machozi vilevile, bomba vilevile. Sisi tunasema mto unatiririka, machozi yanachuruzika, na hapa mtaani tunaulizana tu kama maji yanatoka. Watoto wakishaona kwamba kinachotajwa ni mwendo usiokatika, wapeleke kwenye mashine. Zama za mvuke, reli za kwanza za umma za treni za mvuke kule Uingereza miaka ya 1820 na viwanda vilivyofuata, ndizo zilizoliongezea neno hili sehemu kubwa ya maana zake. Treni, injini, saa ya ukutani, na leo programu ya kompyuta, vyote hu-"run" maana vinakwenda bila kusimama. Kutoka hapo mwenye duka hana ugumu tena: anaifanya biashara iendelee kwenda, hata kama ameketi kitini tangu asubuhi. Wakumbushe kwamba na sisi tumepita njia hiyo hiyo, maana kuendesha kumetokana na kuenda.

Kuna jambo moja ambalo sijaona vitabu vya shule vikilieleza vizuri, na ndilo ninalotamani ulikalie kipindi kizima. Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi. Ukimfuata mwizi mbio unamkimbiza, ukitafuta usalama kwa mama yako unamkimbilia, watoto wakicheza wanakimbizana. Mwenye mbio uwanjani ni mkimbiaji, aliyeihama nchi yake kwa vita ni mkimbizi. Vitenzi vya Kiingereza kwa kawaida havina mikia ya namna hiyo. Kitenzi kinabaki vilevile, kinabandikwa kineno kidogo nyuma yake, na kineno hicho ndicho kinachogeuza kila kitu. "Run after" ni kukimbiza. "Run away" ni kutoroka. "Run out" ni kuishiwa, kama nyumba ambayo uniti za umeme wa LUKU zimekwisha usiku. "Run over" ni kugonga kwa gari, na "run into" inaweza kuwa kugonga ukuta au kukutana na mtu bila kutarajia, kama sisi tunavyosema nimegongana na fulani Kariakoo. Mwanafunzi anayeruka kile kineno cha nyuma ameacha nusu ya kitenzi ukurasani. Kwa hiyo asiandike daftarini "run" peke yake hata siku moja. Aandike "run out of", na sentensi yake kamili, yenye sukari au mafuta ya taa ya nyumbani kwao.

Wakubwa kidogo wape na mifano ambayo miguu si lazima iwemo, wataipenda. Kwenye kriketi, ile wanayocheza pale klabu ya Gymkhana, alama huitwa "run" kwa sababu wapigaji hukimbia kutoka kijiti hadi kijiti. Lakini mpira ukiviringika hadi kuvuka mpaka wa uwanja wanapewa nne, ukivuka hewani bila kugusa chini wanapewa sita, na hawahitaji kukimbia kuzipata. Hali kadhalika benki. Wateja wakiingiwa na hofu wote wakataka fedha zao kwa wakati mmoja, hiyo nayo ni "run". Mwaka 2007 kule Uingereza watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock. Machi 2023 kule Marekani, wateja wa Silicon Valley Bank walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta.

Uchaguzi ukitajwa, waambie tu kwamba Mmarekani hu-"run" na Mwingereza hu-"stand", na wote wawili wanagombea. Rangi ya khanga ikichuja ni neno hilo hilo pia. Usikae sana hapo.

Na kabla ya yote hayo, waandikie ubaoni "piga". Waache wenyewe wataje: simu, pasi, picha, kura, mswaki, deki, magoti, hodi, debe. Hakuna aliyewapa orodha. Walilisikia kila neno likiwa na mwenzake, jikoni na kituoni, tangu hawajajua kusoma. Nina imani kubwa na watoto hawa, Rehema. Akili iliyoimudu "piga" inaimudu "run", na inaniuma kusikia wanaitwa wazito kwa sababu wamepewa maana moja ya kufungulia milango yote.

Ile kamusi ya wanafunzi nitakununulia mwisho wa mwezi niipakie kwenye basi la Songea, nitakupigia ukaipokee stendi. Niandikie sentensi watakazotunga, hata zenye makosa, hizo hasa. Na uniambie kama unataka tuanze "get" au tupumzike kwanza.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura