Risala ya Kikundi cha Ulinzi wa Msitu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, Amani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na wa dini,
Ndugu wahifadhi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha majukumu yako mazito ukapanda milima hii ya Usambara Mashariki. Barabara hatutaisemea leo, imejisemea yenyewe.

Mheshimiwa, historia tutaifupisha. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapa Amani mwaka 1902. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza nchini, yenye zaidi ya hekta 8,000. Humo mna vinyonga, vyura na ndege ambao baadhi yao hawapatikani nje ya milima yetu. Kikundi chetu kilianzishwa ili kusaidia ulinzi wa urithi huo.

Mafanikio ni makubwa. Tuna kitalu cha miche ya asili, na mingi imevuka kiangazi. Tunang'oa miche ya Maesopsis, mti wa kigeni uliovamia mapengo yaliyoachwa na wakata magogo wa zamani. Aidha, kikundi kina katiba, muhuri na akaunti ya benki iliyo hai.

Mheshimiwa, mbao haramu, mitego na moto wa mashamba vipo, na wahifadhi wanavijua. Kilio chetu leo ni dhahabu. Tangu ilipoonekana Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachimbaji hawajaacha kuvinyemelea vijito vya msituni. Wanafukua kingo, wanakata mizizi ya miti mikubwa na kuosha mchanga kwenye makarai, maji yakateremka mekundu. Maji hayo huingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha Jiji la Tanga. Kwa hiyo hata wageni wetu mliotoka mjini, jambo hili mmelinywa.

Taarifa tunazipata mapema. Akina mama wanaookota kuni hutupigia simu asubuhi. Tatizo ni kwamba wachimbaji wanakuja kwa pikipiki, sisi tunawafuata kwa miguu. Tukifika tunakuta shimo bichi, majivu yenye joto na sufuria ya ugali iliyokombwa.

Ndiyo maana tunaomba pikipiki mbili za doria.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilipokea kwa bashasha, akaahidi kulitekeleza kabla ya masika. Hakutaja masika ya mwaka gani, nasi kwa adabu hatukuuliza. Aliyemfuata alituelekeza tujiandae kwanza. Tukajiandaa. Tumejenga banda la pikipiki lenye mlango na kufuli, na vijana wawili wamepata leseni. Kwa sasa banda linatunza majembe na viriba vya miche, na leseni zinaelekea kuisha muda. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu, maana tunafahamu viongozi wana mambo mengi.

Mheshimiwa, hatuombi gari, wala hatuombi posho. Mafuta tutayanunua kwa mapato ya kitalu. Kama pikipiki zipo, tunaomba tutajiwe tarehe, na mwaka wake. Kama hazipo, tutashukuru vilevile kuambiwa hapa hapa mbele ya wananchi, ili banda tulifanye stoo rasmi na vijana watafute shughuli nyingine.

Tumechapa nakala tatu za risala hii, moja yako, moja ya msaidizi wako na moja yetu, kwa kuwa za miaka iliyopita tumeambiwa hazionekani. Tunaomba uisaini hiyo ya tatu kuwa umeipokea, ibaki kwenye faili letu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya wanakikundi